Kumsemea Mfungwa: Tuseme Kweli Yote



Leo hatukuja kuzungumzia doria wala ukamataji. Tunataka kuzungumza juu ya mtu aliyekwisha kupatikana na hatia, na juu ya yale yanayosemwa nyumbani kwao baada ya yeye kuondoka.

Katika kazi yetu tunasikia kauli mbili. Jamaa husema, "Mtoto wetu hawezi kutenda hivyo, tumemlea katika dini." Majirani husema, "Tulijua tangu zamani, ukoo wao wote ndivyo ulivyo." Kauli zote mbili hazimsaidii mtu yeyote, kwa sababu zinachanganya maswali mawili ambayo sheria huyatenganisha.

Swali la kwanza ni hili: je, alitenda kosa? Hilo hujibiwa kwa ushahidi. Upole wa mtu haulifuti kosa lililothibitishwa, na ulevi wa baba yake si ushahidi dhidi yake. Swali la pili huja baada ya hatia: huyu ni mtu wa namna gani, ametoka wapi, na anastahili adhabu ipi? Hapo ndipo ninyi mliomjua mnapohitajika.

Uzito wa swali hili la pili umetambuliwa katika nchi zetu zote mbili. Mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kuchagua inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua vivyo hivyo kuhusu kosa la mauaji. Hata katika makosa madogo mambo ni hayo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya Uganda ya mwaka 2000, inayohusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2, inamtaka hakimu aangalie mazingira, tabia na historia ya mkosaji kabla ya kumpa kazi ya kijamii badala ya jela. Maofisa wa probesheni huwasaidia mahakimu kwa kuuliza habari hizo nyumbani na kwa majirani.

Hapa Busia na Malaba kuna ugumu wa pekee. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Kijana huzaliwa upande mmoja, akatafuta kazi upande wa pili, akahukumiwa huko. Aulizwapo habari zake, mwenye nyumba aliyompangisha anamfahamu kwa miezi miwili tu. Waliomlea wako ng'ambo, nao wanaogopa kuvuka wakidhani watakamatwa kwa niaba yake. Tunatamka wazi: kosa la jinai ni la aliyelitenda. Mzazi hafungwi kwa kosa la mwanawe mtu mzima.

Tuchukue mfano wa kijana aliyeiba baiskeli ya boda boda. Mama yake akisema tu kwamba ni mtoto mwema, hajasema kitu. Lakini akisema kwamba aliacha shule darasa la sita baba alipofariki, kwamba alimuuguza nyanya yake mpaka mwisho, na kwamba tangu mwaka jana ameanza kunywa waragi na kufuatana na kundi baya, hapo amesema kweli yote. Hakimu atajua ampime vipi, na gereza litajua lianzie wapi kumrekebisha. Wala tusimsahau mwenye baiskeli. Yeye naye ni jirani, na siku ile alipoteza chakula cha watoto wake. Anayemsemea mfungwa na asimtaje aliyedhulumiwa amesema nusu ya habari.

Nasi tukiri letu. Wapo kati yetu waliozoea kubisha mlango uleule kila mbuzi anapopotea kijijini, kwa kuwa tu kijana wa nyumba ile aliwahi kufungwa. Hilo ni kosa. Aliyemaliza kifungo chake amelipa deni lake, na watoto wake hawadaiwi chochote. Mtoto anayeitwa "mwana wa mwizi" shuleni anaadhibiwa bila kuhukumiwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, afisa wa probesheni akija, msimfiche mabaya wala mema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Pili, wenyeviti wa LC1 na wazee wa mitaa, msitie sahihi barua ya kumsifu mtu msiyemjua, kwa fedha wala kwa undugu. Andikeni mmemfahamu kwa muda gani na mmeona nini kwa macho yenu. Tatu, mtembeleeni mfungwa wenu, na kabla hajatoka, kaeni na familia ya aliyedhulumiwa mzungumze jinsi mtakavyoishi naye tena.

Siku moja mlango wa gereza utafunguliwa, naye atarudi kwenu. Namna mnavyomsema leo ndiyo itakayoamua kama atakuta pa kuanzia, au atalirudia kundi lile lile lililompoteza.