Shamba Linalopumzika Si Shamba Tupu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi na wenyeji wa Kindu



Leo tunasema juu ya udongo wa inchi yetu. Askari wa Bula-Matari walipoteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, hawakukuta pori tupu. Walikuta mashamba makubwa ya mpunga na miwa, yaliyolimwa kwa jasho la wazee wetu, wengine wao watumwa wa mabwana waliotoka pwani.

Lakini tangu tarehe 1 Julai 1885 Leta ilikuwa imekwisha kuandika kwamba ardhi isiyo na mtu ni yake. Nani aliamua kwamba haina mtu? Wazee walijua kwamba nguvu ya udongo wa mwitu iko juu, katika majani yanayooza na majivu ya miti. Ukilimwa miaka miwili au mitatu, unachoka. Basi waliuacha miaka mingi ulale, miti irudi. Mgeni alipita, akaona miti, akaandika: tupu. Hivyo kompani ya reli, CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, iliahidiwa hektari milioni 4 pamoja na haki ya madini.

Ikaja pamba. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu wakubwa kumlazimisha mwanakijiji kulima mpaka siku 60 kwa mwaka. Pamba ikala siku za muhogo na mpunga, ikala na usingizi wa udongo. Tena tangu miaka ya 1930 bati ya Kalima ikawaita vijana, jembe likabaki kwa mama.

Wandugu, uhuru wa 1960 haukumaliza neno hili. Sheria ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Lakini amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamaa ya kijiji kuomba mwitu wa mababu, mpaka hektari 50.000, bila kuulipia.

Basi wewe unayechimba madini, nawe unayeuza sokoni, ukienda kijijini kaa na wazee. Tembeeni mipaka pamoja na majirani. Hesabuni hata mashamba yaliyolala tangu enzi za babu, mkayaandike. Madini yakichimbwa hayaoti tena. Udongo ukipumzika unazaa. Tusipouandika sisi, atakuja mwingine kuuandika kwa jina lake.

Uhuru na udongo wetu!