Jeki Huinua, Stendi Hushikilia

Mazungumzo ya usalama kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi



Mtwapa, Kilifi mjini, Malindi au Mariakani, siku ya mapumziko si ajabu kuona gari limeinuliwa uani na miguu ya mtu imetokeza chini yake. Mwenye gari anamwaga oili, anatazama breki, au anafunga bomba la moshi lililolegea. Fundi anataka malipo, na kazi ndogo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe. Hapo hakuna kosa. Kosa ni kulala chini ya gari ambalo limeshikiliwa na jeki peke yake.

Gari dogo la kawaida lina uzito wa kilo 1,000 hivi au zaidi. Huo ni uzito wa magunia kumi na moja ya mahindi, yale ya kilo 90. Hakuna anayeweza kukubali kulala chini ya magunia kumi na moja yaliyoegemezwa juu ya kigingi kimoja. Mtu anayejilaza chini ya gari lililo juu ya jeki anafanya jambo hilo hilo, ila mazoea yamemwondolea hofu.

Jeki imetengenezwa kuinua. Jeki ya chupa na ile ya magurudumu hufanya kazi kwa nguvu ya oili iliyobanwa ndani ya silinda na kuzuiwa na mpira mdogo. Mpira huo ukichakaa, au mtu akigusa kwa bahati mbaya skrubu ya kushushia, oili hurudi na gari hushuka. Jeki ya mkasi, ile inayokuja na gari, haina oili, lakini kikanyagio chake ni chembamba. Gari likisogea kidogo tu mbele au nyuma, jeki hiyo hulala ubavu. Ilikusudiwa kubadilishia gurudumu, basi.

Kinachoshikilia gari ni stendi: chuma chenye miguu mitatu au minne iliyotanuka, na nguzo katikati inayofungwa kwa pini au kwa meno. Haina oili ya kuvuja. Zinahitajika angalau mbili, na uwezo wake kwa tani huandikwa kwenye chuma chenyewe au kwenye kibandiko. Mnunuzi asome vizuri, kwani baadhi ya watengenezaji huandika uwezo wa stendi mbili kwa pamoja, si wa kila moja.

Pwani kuna desturi ya kutumia jiwe la matumbawe au tofali la saruji mahali pa stendi. Desturi hiyo iachwe. Jiwe la ukuta hubeba nyumba kwa sababu uzito umetandazwa juu yake lote. Chini ya gari, uzito wote unakaa kwenye ukingo mmoja mwembamba wa chuma, na jiwe hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Chuma chema hupinda kwanza. Jiwe halipindi.

Kazi huanza na mahali. Panapofaa ni sakafu ya saruji iliyo tambarare. Mchanga wa Pwani humeza mguu wa jeki polepole wakati mtu anashughulika na spana. Lami nayo hulainika jua la mchana linapowaka. Penye mteremko, kama ilivyo sehemu nyingi za Rabai na Kaloleni, gari lisiinuliwe kabisa hadi lifikishwe penye usawa. Ikiwa ni kubadilisha gurudumu tu na ardhi si ngumu, ubao mnene na mpana uwekwe chini ya jeki. Kazi ya kuingia chini ya gari isifanyike kwenye mchanga.

Baada ya hapo ni magurudumu. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Nyuma ikiinuliwa, breki hiyo haina tena cha kushika ardhini. Gari la otomatiki lililowekwa kwenye P nalo lisiaminiwe: gurudumu moja la upande unaosukumwa na injini likiwa hewani, lile la pili laweza kuzunguka. Kwa hiyo breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, kisha kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Kipande cha mbao kilichokatwa mshazari kinatosha. Kijiwe cha mviringo hakifai.

Kama gurudumu litatolewa, nati zake zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Anayevuta spana kwa nguvu gari likiwa hewani analitikisa gari lote.

Jeki iwekwe mahali palipoandaliwa na mtengenezaji. Kitabu cha gari huonyesha pahala hapo, na katika magari mengi madogo kuna alama mbili kwenye ukingo wa chini wa bodi, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya la nyuma. Jeki isiwekwe chini ya chungu cha oili wala kwenye bati la sakafu. Wakazi wa ufukweni wana tahadhari moja zaidi: hewa ya chumvi hula ukingo huo kwa kutu. Pakigongwa kwa mpini wa bisibisi na kutu ikapukutika au bati likabonyea, gari lisiinuliwe hapo. Lipelekwe kwanza kwa fundi wa kuchomelea.

Gari likishafika kimo kinachohitajika, stendi ziingizwe chini ya sehemu imara, pini au meno yahakikishwe kuwa yameingia, na stendi zote mbili ziwe na kimo sawa. Kisha jeki ishushwe taratibu mpaka uzito ukae juu ya stendi. Kabla ya mtu yeyote kuingia chini, gari lisukumwe kwa mkono kutoka ubavuni. Likiyumba au likilia, lishushwe na kazi ianze upya. Ni heri lianguke wakati huo, watu wakiwa wamesimama pembeni. Jeki ibaki ikigusa gari kidogo, na gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya ukingo wa bodi. Hiyo ni akiba ya pili.

Injini isiwashwe mtu akiwa chini. Watoto wasicheze karibu wala wasipande ndani ya gari. Na mtu mzima mmoja awepo pale uani, anayejua kinachoendelea.

Kushusha hufuata njia ile ile kinyumenyume: vifaa vitolewe, gari liinuliwe kidogo, stendi zivutwe, gari lishushwe polepole. Nati zikazwe kwa kupishana, moja kisha ile inayoielekea, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ikitokea gari limemwangukia mtu, simu ipigwe mara moja kwa 999 au 112. Gari lisisukumwe mbele wala nyuma, na aliyebanwa asivutwe kwa nguvu. Magurudumu yazuiwe, jeki nyingine iwekwe penye ardhi imara, na kila gari linapopanda kidogo kitu kigumu kiwekwe chini ili lisirudi. Hata akitoka akisema hana maumivu, apelekwe hospitali, maana majeraha ya ndani hayaonekani.

Watu husema ajali haina kinga. Huenda ni kweli kwa ajali nyingine, lakini hii ina kinga, nayo ni vyuma viwili na vipande vichache vya mbao. Kwa asiyemudu kununua peke yake, majirani wanne au watano wanaweza kuchanga wakawa na stendi za mtaa, zikahifadhiwa nyumba moja na kuazimwa kwa zamu, kama sufuria kubwa za shughuli zinavyoazimwa. Na anayepita njiani akaona miguu imetokeza chini ya gari lililo juu ya jeki tu, asione haya kubisha hodi na kumwita mwenyewe atoke nje kwanza.