Mahindi Yenye Kuvu Si Chakula



Mwaka 2004 msiba mkubwa uliziingia nyumba za Makueni, Kitui na jirani zake. Watu 317 waliugua, macho yakawa manjano kwa kuharibika ini, na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa ndani kabla ya kukauka hata yakaota kuvu.

Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauimalizi. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kuleta saratani ya ini.

Yafaa basi kila mwenye nyumba aanike mahindi yake juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kisha atie mahindi kidogo pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, aitikise, na kuiacha kwa dakika 15. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Magunia na yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mama mwenye watoto wenye njaa huona uchungu kutupa debe la mahindi. Hata hivyo na alitupe, wala asimpe ng'ombe, kwa kuwa sumu hiyo hupita hata katika maziwa. Mahindi huvunwa tena mwakani. Mtoto akizikwa harudi.