Dhahabu, Bandari na Rangi za Chama

Kwa miaka ishirini iliyopita mjadala wa uchumi wa Tanzania umezunguka mambo mawili kuliko mengine yote: dhahabu ya Kanda ya Ziwa na bandari ya Dar es Salaam. Yote mawili yamekuwa alama ya heshima ya nchi, na yote mawili yametumiwa na vyama kupigana vijembe. Mpenda nchi na mpenda chama husema maneno yaleyale, “rasilimali zetu”, “wazalendo”, “wasaliti”, “mabeberu”, kwa hiyo ni vigumu kujua nani ni nani kwa kumsikiliza mara moja. Hujulikana mara ya pili, pale chama kingine kinapofanya jambo lilelile.

Kampuni kubwa za kigeni ziliingia kwenye dhahabu kupitia Sheria ya Madini ya 1998, wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Masharti yalikuwa mepesi: mrabaha wa asilimia 3, misamaha ya kodi kwa mitambo na mafuta, na ruhusa ya kubeba hasara za mwaka mmoja kuzipeleka mwaka mwingine, hata kodi ya mapato ya kampuni ikachelewa kwa miaka mingi. Serikali ilijitetea kwamba bila hayo hakuna ambaye angekuja kuzika mamilioni ya dola ardhini Kahama, wakati wakia moja ya dhahabu ikiuzwa chini ya dola 300. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Tatizo ni kwamba bei ilipopanda masharti yalibaki palepale, na wananchi waliokuwa wakiyaona magari ya mgodi yakipita mbele ya shule zisizo na madawati wakaanza kuuliza maswali.

Waliouliza kwa sauti kubwa walikuwa wapinzani. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Chadema, alihoji bungeni jinsi waziri wa nishati na madini alivyosaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi jijini London, akataka Bunge liunde kamati teule. Wabunge wa CCM, waliokuwa wengi, walimsimamisha vikao kwa madai ya kusema uongo. Kilichofuata kinapaswa kukumbukwa. Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia upya sekta nzima, na Zitto mwenyewe akawekwa ndani yake. Sheria mpya ya Madini ikapita mwaka 2010, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4 na kuanza kukokotolewa kwa thamani yote ya madini kabla ya kutoa gharama. Swali lililomfukuza mtu bungeni mwaka 2007 likawa sera ya serikali miaka mitatu baadaye, na waliopiga kura ya kumsimamisha hawakutakiwa kueleza chochote.

Miaka kumi baada ya sakata la Buzwagi pande zilibadilishana viti. Machi 2017 Rais John Magufuli, wa CCM, alipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi. Makinikia ni unga wa kijivu unaopatikana baada ya mwamba kusagwa na kuchenjuliwa. Ndani yake mna shaba, dhahabu na fedha ambazo mitambo ya mgodini haizitenganishi. Kwa kuwa Tanzania haikuwa na mtambo wa kuuyeyusha, unga huo ulipakiwa kwenye makontena, ukashushwa bandarini Dar es Salaam na kupelekwa nje. Swali la nani hasa anajua kilichomo ndani ya kontena lilikuwa halali kabisa. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipima makontena 277 yaliyozuiwa, na Mei 24 ikaripoti kwamba yalikuwa na tani 7.8 za dhahabu, mara kadhaa ya kiasi kilichoandikwa kwenye nyaraka. Siku hiyohiyo waziri, Profesa Sospeter Muhongo, aliondolewa. Kampuni iliyokuwa ikiyasafirisha, Acacia, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ilimilikiwa na Barrick ya Kanada, ilikanusha na kusema imetangaza kila kitu. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ilitoa ripoti Juni, na Julai Mamlaka ya Mapato ikaipelekea kampuni hiyo madai ya dola bilioni 190 za kodi, riba na adhabu.

Kiasi hicho kilizidi mara tatu pato la taifa la mwaka huo. Mitaani watu walipiga hesabu: zaidi ya dola 3,000 kwa kila Mtanzania, na maneno yakaenea kwamba kila mtu atapata Noah yake. Wengi waliamini, wakiwemo walioishi Ulaya na Marekani kwa miaka mingi na wanaojua vizuri jinsi madai ya kodi yanavyojadiliwa hadi kupungua. Waliamini kwa sababu kiongozi wao alisimama akasema nchi imeibiwa, na jambo hilo lilikuwa limewauma kwa muda mrefu. Hilo si la kucheka. Hisia ya kuibiwa ilikuwa na msingi. Hesabu ndiyo haikuwa na msingi huohuo.

Upande wa pili nao ulikuwa na lake. Tundu Lissu, mwanasheria aliyekuwa akipigania wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu tangu miaka ya tisini, alionya kwamba kuvunja mikataba kwa amri kutaipeleka nchi kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Aliitwa msaliti na watu ambao miaka kumi nyuma walikuwa wakiitetea mikataba ileile. Magufuli mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mabaraza ya mawaziri ya Mkapa na Kikwete. Baadhi ya wapinzani, kwa upande wao, waliozoea kupiga kelele kuhusu wizi wa madini, ghafla walizungumza kana kwamba kampuni haikuwa na kosa lolote. Aliyesikiliza mwaka 2007 na 2017 bila kuvaa sare ya chama aliona wachezaji walewale wakibadilisha magoli, kama Simba na Yanga baada ya mapumziko.

Matokeo yalikuwa madogo kuliko ahadi na makubwa kuliko wapinzani walivyokubali. Barrick ilizinunua hisa zote zilizobaki za Acacia mwaka 2019, na Januari 2020 makubaliano na serikali yakasainiwa. Kampuni ililipa dola milioni 300 kwa mafungu kumaliza madai yote. Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa kwenye Twiga Minerals, kampuni inayosimamia migodi ya Barrick nchini, bila kutoa mtaji, na kanuni ya kugawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu. Mwaka 2017 mrabaha ulikuwa umeshapandishwa hadi asilimia 6 na kuongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Dola milioni 300 si dola bilioni 190. Ni chini ya robo ya asilimia 1 ya madai. Hata hivyo hisa za bure si kitu kidogo. Mwenye kuitakia mema nchi anaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Mshabiki hutaja moja na kunyamazia jingine.

Onyo la usuluhishi nalo lilitimia, ila si pale lilipoelekezwa zaidi. Mabadiliko ya sheria yalifuta leseni za kuhodhi maeneo, na kampuni ndogo zilizokuwa nazo zikaishitaki Tanzania. Mwaka 2023 serikali ilimalizana na Winshear Gold kwa dola milioni 30. Mwaka huohuo baraza la usuluhishi liliipa Indiana Resources na wenzake zaidi ya dola milioni 109 kwa ajili ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, na mwaka 2024 pande hizo zikapatana kwa dola milioni 90. Fedha hizo zilitoka mfuko uleule unaonunua dawa.

Kilichozungumzwa kidogo kuliko chote huenda ndicho kilichogusa watu wengi zaidi. Mwaka 2019 serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, ikaanza kufungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita. Mchimbaji aliyekuwa akiuza dhahabu yake kwa mlanguzi usiku, kwa bei ya mlanguzi, akapata mahali pa kupima mzigo wake kwenye mizani inayoonekana na kulipwa kwa bei inayofuata soko la dunia. Mrabaha nao ukakatwa palepale. Hapakuwa na adui wa kigeni wa kupigiwa kelele, na pengine ndiyo maana hatua hiyo haikuimbwa kwenye majukwaa kama makontena yalivyoimbwa.

Takwimu za jumla ndizo zinazovutwa zaidi na vyama. Julai 1, 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, baada ya pato la wastani kwa mtu kufika dola 1,080. CCM ikasherehekea kwamba lengo la Dira ya Maendeleo ya 2025 limefikiwa miaka mitano kabla. Ni kweli kwamba mstari ulivukwa. Ni kweli pia kwamba mstari wenyewe ulikuwa dola 1,036, na kwamba Dira iliyotajwa iliweka matarajio ya dola 3,000 kwa mtu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya wananchi wa Bara wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Kushuka huko ni kweli, na ni kwa polepole mno. Dhahabu nayo ilileta fedha nyingi za kigeni kuanzia 2019, na sifa zikamwendea Rais. Lakini wakia iliyouzwa kwa wastani wa dola 1,250 hivi mwaka 2017 ilivuka dola 2,000 Agosti 2020. Bei hiyo haipangwi Dodoma, na wala haikupangwa Dodoma ilipokuwa chini ya dola 300.

Bandari ilileta zamu nyingine. Oktoba 2022 Tanzania ilisaini makubaliano na Dubai kuhusu uendeshaji wa bandari, na Bunge, lenye wapinzani wachache sana, likayaridhia Juni 10, 2023. Wakosoaji walisema makubaliano hayana ukomo wa muda unaoeleweka na kwamba migogoro ingeamuliwa nje ya nchi, wakati sheria iliyopitishwa mwaka 2017 kulinda mamlaka ya nchi juu ya rasilimali inataka migogoro ya aina hiyo iamuliwe na vyombo vya Tanzania. Sasa waliopiga makofi mwaka 2017 ndio walioeleza kwamba mwekezaji anahitaji uhakika, na waliowatetea wawekezaji mwaka 2017 ndio waliosema nchi imeuzwa. Kesi iliyofunguliwa Mbeya ilitupiliwa mbali Agosti, Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa waraka wa kupinga, na Oktoba 22 mikataba ikasainiwa Dodoma: kampuni ya DP World ya Dubai ipewe gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30.

Ukosoaji haukupita bure. Mikataba ya Oktoba ilikuwa na gati zilizotajwa kwa namba na muda uliotajwa kwa miaka, mambo yaliyokuwa yamedaiwa kwa miezi minne. Hoja ya bandari ilikuwa nzuri hadi baadhi ya watu walipoanza kuhoji Uzanzibari wa Rais Samia Suluhu Hassan. Jambo hilo halihusiani na ushuru wala na siku ambazo meli hukaa nangani, na liliwapa watetezi wa serikali kisingizio cha kutojibu maswali ya kweli.

Majirani hawako tofauti. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 2017 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na wafuasi wa Jubilee, chama tawala cha Kenya wakati huo, waliiita urithi wa taifa. William Ruto alikuwa naibu wa rais reli ilipojengwa. Mwaka 2022 alifanya kampeni akiulaumu mzigo wa madeni, na baada ya ushindi waziri wake Kipchumba Murkomen akatoa hadharani sehemu ya mikataba iliyokuwa imefichwa. Miaka miwili baadaye Muswada wa Fedha wa 2024 uliwaingiza vijana barabarani dhidi ya serikali hiyohiyo, na Ruto akakataa kuusaini.

Kwa Waafrika Mashariki walio ughaibuni mjadala huu una uzito wa namna yake. Fedha wanazotuma haziulizwi kadi ya chama: Wakenya walioko nje walituma karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Wengi wao huitetea nchi mbele ya wafanyakazi wenzao wasioijua, na utetezi huo huzoeleka hadi kila swali kuhusu mkataba linasikika kama tusi kwa nchi. Wengine, kwa kuchoshwa na serikali, huona kila mradi ni wizi. Kati ya 2018 na 2019, sheria ya takwimu ya Tanzania ilipofanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazokinzana na za serikali kwa lengo la kuzibatilisha, walioko nje walikuwa na uhuru wa kusema ambao ndugu zao hawakuwa nao, na wachache mno waliutumia kwa jambo jingine zaidi ya kurushiana maneno.

Kuna kazi ambayo jumuiya hiyo ya ughaibuni ina watu wa kuifanya. Tanzania iliingia mwaka 2009 kwenye mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, mafuta na gesi, na mwaka 2015 ikatunga sheria inayotaka mikataba ya sekta hiyo iwekwe wazi, ingawa utekelezaji wake umesuasua. Chini ya mpango huo, unaofahamika kama TEITI, hutolewa ripoti zenye safu mbili: kiasi ambacho kampuni inasema imelipa, na kiasi ambacho serikali inasema imepokea. Pale safu hizo zinapotofautiana, tofauti huandikwa na maelezo huombwa. Wahasibu, wanasheria na wahandisi wa migodi wa Kitanzania waliotawanyika kutoka Toronto hadi Muscat wanaweza kuzisoma ripoti hizo mwaka baada ya mwaka, kuzieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka katika vijiji vya Msalala, na kumwandikia waziri, wa chama chochote atakachokuwa, kuhusu kila mstari ambao haujajibiwa.