MAPAFU YETU, KINGA YETU, HAKI YETU
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Mlangali



Mada niliyopewa yahusu utafiti wa tiba juu ya magonjwa ya mapafu, kansa na kinga ya mwili. Huenda baadhi yetu wakajiuliza: mambo hayo ya maabara yana uhusiano gani na Haki na Amani? Si kazi ya madaktari? Ningependa kuonyesha kwamba yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, maarifa mengi ambayo dunia nzima inayatumia leo kutibu kifua kikuu yalipatikana kwa miili ya wagonjwa wa Afrika Mashariki. Pili, mahali maarifa yalipokwisha kupatikana na bado watu wanakufa, kinachokosekana si elimu bali ni haki.

1. Mwili unavyojilinda

Mwaka 1882 daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kimelea kinacholeta kifua kikuu. Kimelea hicho husafiri hewani mgonjwa akohoapo. Kikiingia mapafuni hukutana na askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza maadui. Ajabu ni kwamba kimelea hiki chaweza kumezwa na kisife. Kwa hiyo mwili hukizungushia ukuta wa chembechembe nyingine, nacho hulala humo miaka mingi, pengine maisha yote. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wanacho kimelea hiki, na walio wengi hawataugua kamwe.

Ugonjwa hutokea ukuta unapobomoka. Nani huubomoa? Njaa, uzee, kisukari, ulevi wa kupindukia, na zaidi ya yote virusi vya UKIMWI, ambavyo huwaua wale askari wanaoamuru ulinzi wote. Hapo ndipo lilipo tatizo la mkoa wetu wa Njombe. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba watu 14.8 katika kila mia mkoani hapa walikuwa na virusi, nao upimaji wa mwaka 2022 na 2023 ukaonyesha 12.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Mahali kinga ya wengi imeguswa namna hiyo, kifua kikuu hupata mlango uliokwisha kufunguliwa.

Kinga hiyohiyo ndiyo inayopambana na kansa. Kila siku mwilini hutokea chembe zilizoharibika, na askari wale huzitambua na kuziondoa. Wakishindwa, kansa hupata nafasi. Ndiyo maana baadhi ya kansa, kama ile ya ngozi na mishipa iitwayo Kaposi, ziliongezeka sana UKIMWI ulipoenea Afrika Mashariki. Wataalamu wamejifunza pia kuitumia kinga kama dawa. Chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu huchomwa begani ili kuwakinga na aina kali za kifua kikuu, tangu miaka ya 1970 imetumiwa kutibu kansa ya kibofu cha mkojo, kwa kuwa huwaamsha askari wa mwili waliolala. Na mwaka 2018 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliogundua jinsi ya kuifungulia kinga breki zake ili iishambulie kansa.

2. Mchango wa wagonjwa wetu

Hadi miaka ya 1960 mgonjwa wa kifua kikuu alitumia dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wengi walichoka na kuziacha. Ndipo mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yalipofanya majaribio katika hospitali za nchi zetu, Tanzania ikiwamo. Wagonjwa waligawanywa katika makundi yaliyopewa dawa mbalimbali kwa miezi 6, kisha wakafuatiliwa. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1972. Ilionyesha kwamba rifampicini ikiongezwa kwenye mchanganyiko wa dawa, miezi 6 yatosha, na ni wachache sana wanaorudiwa na ugonjwa. Tiba ya miezi 6 inayotumika leo Asia, Ulaya na Amerika ina asili yake katika wodi zile.

Lakini angalieni kilichofuata. Rifampicini ilikuwa ya bei kubwa. Watu wa nchi tajiri waliipata mapema, lakini Tanzania, ambayo wagonjwa wake walikuwa wamesaidia kuthibitisha nguvu yake, iliweza kuieneza tiba ile fupi miaka ya 1980 tu. Ni wangapi waliofariki katika kusubiri huko, huku jibu likiwa limekwisha kuandikwa vitabuni?

Haitoshi kulaumu, hata hivyo, kwa maana historia hiyo ina upande mwingine. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa daktari Karel Styblo. Mpango huo haukutegemea majumba makubwa. Ulitegemea hadubini ya kupimia makohozi katika hospitali za wilaya, akiba ya dawa isiyokatika, daftari la kumfuatilia kila mgonjwa mpaka apone, na mtu wa kumwona akimeza dawa. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupendekeza kwa mataifa yote. Nchi maskini ndiyo iliyoifundisha dunia, nayo ilifundisha kwa daftari na uaminifu.

Kazi haijakoma. Dar es Salaam, kati ya mwaka 2001 na 2008, watu 2,013 wenye virusi vya UKIMWI walishiriki jaribio la chanjo iliyotengenezwa kwa kimelea ndugu wa kile cha kifua kikuu. Kifua kikuu kilichothibitishwa kilipungua kwa asilimia 39 kwa waliochanjwa. Jirani zetu wa Mbeya wana kituo cha utafiti kilichoshiriki jaribio la rifampicini ya kipimo kikubwa, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2017. Mwaka 2024 jaribio kubwa la chanjo mpya iitwayo M72 lilianza Afrika Kusini, na Kenya imo miongoni mwa nchi zinazoshiriki.

Na upo mfano unaotufurahisha. Mwanza, wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti ulioanza mwaka 2017, kujua kama dozi moja ya chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi inaujengea mwili kinga ya kutosha. Ilionekana kwamba inatosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali matumizi ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza kuitoa hivyo kwa wasichana wake. Safari hii matunda yaliwarudia waliopanda, tena upesi. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

3. Vumbi na moshi

Wazee wetu wa nyanda za juu kusini walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, na wengine walivuka mipaka kupitia Wenela wakachimbe dhahabu Afrika Kusini. Waliporudi wakikohoa, wengine walidhaniwa wamerogwa. Leo tunajua walichorudi nacho. Vumbi la mwamba wenye silika likivutwa miaka mingi huwaua askari wa mapafu wanaojaribu kulimeza, na mapafu hujaa makovu. Mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa kimataifa wameliorodhesha vumbi hilo kati ya visababishi vya kansa. Vumbi moja hugusa magonjwa yote matatu tunayoyazungumza.

Mwaka 2019 mahakama ya Afrika Kusini ilithibitisha makubaliano ya kuwalipa fidia wachimbaji wa dhahabu walioharibika mapafu. Lakini makubaliano yale yanawahusu waliofanya kazi tangu tarehe 12 Machi 1965. Serikali yetu ilikomesha uandikishaji wa Wenela mara baada ya Uhuru. Kwa hiyo mzee aliyekwenda miaka ya 1950 akarudi na kikohozi, wala yeye wala wajane na watoto wake hawamo. Haki iliyochelewa ilimpita kaburini.

Nasema haya si kwa kuomboleza ya kale tu. Wilaya yetu ya Ludewa ina chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, na mipango ya kuyachimba imezungumzwa kwa miongo mingi. Siku vijana wetu watakapoandikishwa kazi huko, tuulize mapema: Je, mwamba utatobolewa kwa maji ili vumbi litulie? Je, kila mfanyakazi atapigwa picha ya kifua kabla ya kuanza na kila baada ya muda, naye apewe majibu yake mkononi? Ni nani atakayemtibu atakapoacha kazi? Maswali haya si uadui na maendeleo. Mtu ni mkubwa kuliko chuma.

Majumbani nako kuna moshi. Kwa baridi ya huku kwetu, mama na mtoto hushinda jikoni penye kuni mbichi na dirisha lililozibwa. Moshi huo huwaletea watoto nimonia na huwabana kina mama mapafu taratibu. Jiko lenye bomba la kutolea moshi nje na kuni zilizokauka ni kinga iliyo ndani ya uwezo wetu. Tumbaku nayo tuitaje wazi: ndiyo chanzo kikuu cha kansa ya mapafu duniani.

4. Tufanye nini?

Kwanza, anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa. Kupima na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya umma ni bure. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Pili, anayetumia dawa asiachwe peke yake. Miezi 6 ni mirefu kwa mtu mwenye njaa. Jumuiya iliyo jirani yake imlimie, imletee uji, imkumbushe dawa. Akipata nafuu mwezi wa pili na kuacha, vimelea vilivyobaki huweza kuwa sugu na kuwashinda madaktari.

Tatu, si kila kikohozi ni kifua kikuu. Mgonjwa aliyemaliza dawa na bado anakonda au anakohoa damu adai uchunguzi zaidi, kwa maana kansa ya mapafu hufanana nacho, na kila mwezi unaopotea ni wa thamani. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ni safari ya mamia ya kilomita, na nauli huwashinda wengi. Mfuko wa wagonjwa wa parokia uwakumbuke hao.

Nne, watafiti wakija, tuwapokee kwa heshima na kwa maswali. Wamepata kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Wanatafuta nini? Hatari zake ni zipi? Damu yetu itapelekwa wapi? Naweza kujitoa bila kunyimwa matibabu? Majibu yataletwa lini hapa kijijini, kwa lugha tunayoielewa? Dawa ikithibitika, tutaipata? Aliyeulizwa hayo akakasirika, tumtilie shaka. Aliyejibu vema, tumsaidie, maana wajukuu wetu watapona kwa kazi yake.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogondogo

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayekohoa ambaye hajapimwa? Nini kinamzuia: nauli, aibu, au woga wa kuambiwa ana virusi?
2. Tunawatendeaje wanaotumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi? Kauli zetu huwavuta kwenye tiba au huwafukuza?
3. Je, wapo kati yetu waliofanya kazi migodini? Nani atawasindikiza kwenda kupimwa mapafu?
4. Tungependa kuahidiwa nini, kwa maandishi, kabla ya migodi kufunguliwa wilayani mwetu?

Ndugu zangu, wagonjwa wale wa miaka ya 1970 hatuyajui majina yao. Walivumilia sindano na vipimo kwa miezi, na kwa uvumilivu wao watu wengi duniani wanapumua leo. Kila parokia itakayomsaidia mgonjwa mmoja kumaliza dawa zake inalipa sehemu ya deni hilo.