Chakula Kikae Moto: Vyombo vya Hotelini

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kusema habari ya saa chache ambazo wapishi wengi hawazihesabu, nazo ni zile zilizo kati ya kuepua sufuria na kumpakulia mlaji wa mwisho. Nyumbani taabu hii ni ndogo, maana chakula huliwa kingali chafuka moshi. Lakini mwenye hoteli hupika alfajiri wala hajui wageni watafika saa ngapi. Mmoja aja saa sita, na wengine hushuka katika basi saa tisa, wote wana njaa na wote wana haraka.

Jambo hili tulilionja wenyewe. Siku moja tulikuwa watu 12 safarini, tukaingia hoteli ndogo ya njiani yapata saa nane mchana, tukaletewa wali na mchuzi wa nyama. Mchuzi ulikuwa mtamu, haukunuka wala haukuchacha. Haukuwa moto, ulikuwa vuguvugu tu, nasi tukafurahi kwa kuwa tuliweza kula upesi. Usiku ule, kabla ya saa saba, watu 9 katika sisi walikuwa wakigombea mlango wa choo.

Juma la pili tulirudi njia ile ile, tukamweleza mwenye hoteli. Akamwita mpishi wake, mzee wa makamo, naye akasikitika sana, kisha akatuuliza: "Lakini Mabwana, mchuzi ule niliutokosa saa tatu nzima. Ni mdudu gani awezaye kuishi humo?"

Swali lile lilikuwa la haki, na mzee hakusema uongo. Wako vijidudu ambavyo kuchemsha huviua, lakini baadhi yao huacha mbegu zenye ganda gumu, na mbegu hizo hustahimili maji yanayotokota. Mmoja wao wataalamu humwita Clostridium perfringens, naye hupenda nyama na michuzi mizito. Mwingine ni Bacillus cereus, apendaye wali. Maadamu chakula ni moto sana, mbegu hulala. Kikipoa hata kuwa vuguvugu, huamka na kuzaana. Yule wa nyama hustawi mno chakula kikiwa na joto la digrii 45 hivi, tena chini ya sufuria kubwa hukuta mahali pasipo hewa, kama apendavyo. Akipata nafasi njema aweza kujigawa mara mbili kila dakika 10. Ninyi wanafunzi chukueni kalamu mkahesabu: kijidudu kimoja, baada ya saa moja ni 64, na baada ya saa tatu ni 262,144. Na hao wote hawabadili ladha wala harufu.

Mtu aweza kusema, basi tuupashe moto mgeni akifika. Kwa mchuzi, kuupasha mpaka uchemke kabisa husaidia, lakini watu wengi hupasha kwa haraka tu, juu ukawa moto na katikati ukabaki vilevile. Kwa wali hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kijidudu chake chaweza kuacha ndani ya chakula sumu ambayo moto wa jikoni hauiharibu.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani husema ya kwamba chakula kilichopikwa kikae juu ya digrii 60 za Sentigredi mpaka kiliwe, au kipozwe upesi hata kifike chini ya digrii 5, wala kisiachwe nje, si moto si baridi, zaidi ya saa mbili. Sheria za Uingereza zataka digrii 63. Kati ya 5 na 60 ndipo palipo na hatari, na mchuzi wetu wa safarini ulikuwa umekaa papo hapo tangu asubuhi.

Sasa tutazame vyombo. Chombo cha kwanza si cha kununua sana, nacho ni kifuniko. Joto la chakula hutoka kwa njia nyingi, lakini mvuke ndio mwizi mkubwa. Katika lita moja ya mchuzi wa moto, zikipaa gramu 20 za mvuke tu, yaani kama vijiko vinne vya chai, mchuzi uliobaki hupungukiwa na digrii zipatazo 11. Mpishi aachaye sufuria wazi ili wapita njia wavutwe na harufu, hutangaza biashara yake na kuiharibu kwa wakati mmoja. Wazee wetu wa pwani walijua jambo hili, ndiyo maana pilau ya harusi hufunikwa barabara, na makaa yakawekwa juu ya kifuniko pamoja na chini.

Baada ya kifuniko, chombo tunachokisifu kuliko vyote ni karai la maji moto. Wafaransa huliita bain-marie, maana yake josho la Maria, na yasemekana ya kwamba Maria huyo alikuwa mwanamke mtaalamu aliyeishi Misri zamani sana, aliyetajwa na mwandishi Zosimos yapata mwaka 300. Ni karai pana lenye maji, na moto wa mkaa, gesi au umeme chini yake. Sufuria za vyakula hukaa ndani ya maji hayo juu ya vyuma, zisiguse chini. Uzuri wake ni huu: maji yaliyo wazi hayapiti digrii 100, basi chakula hakiungui wala hakifanyi ukoko, nacho hupata joto pande zote. Lakini hapana budi maji yawe moto kwanza kabla sufuria hazijaingia, tena yafike juu sawasawa na chakula kilichomo. Tumeona karai za fahari, za chuma king'aacho, zenye maji ya kulowesha kidole tu.

Hapa yapasa tuseme neno moja kwa mkazo. Karai la maji moto si jiko. Kazi yake ni kulinda joto lililokwisha kuwapo. Mpishi akitia mchuzi uliopoa akitumaini utapata moto humo, utapanda polepole ukipitia digrii zile zote ambazo vijidudu wanazitamani, na saa mbili zitakwisha ungali njiani.

Liko pia kabati la joto, lifaalo kwa vyakula vikavu kama sambusa na nyama ya kuokwa. Na liko lile sanduku la kioo la wauza chipsi. Zamani taa yake ilikuwa ya waya uwakao, nayo ilitoa joto kiasi. Siku hizi wengi wameweka taa za LED ili kupunguza gharama ya umeme, na taa hizo huangaza chipsi vizuri sana bila kuzipasha moto. Mwenye sanduku kama hilo auze upesi tu.

Wasio na moto wa kuacha ukiwaka mchana kutwa wanaweza kutumia vyombo vinavyozuia joto lisitoke. Mwaka 1892 mtaalamu wa Uskoti, James Dewar, alitengeneza chupa yenye kuta mbili, na kati yake akaondoa hewa. Chupa zetu za chai ni wajukuu wa chupa ile. Hotpoti nazo zina kuta mbili, na katikati kitu chepesi kama sifongo. Hata kikapu kilichojazwa nyasi kavu au vitambaa, sufuria ikafukiwa humo na kufunikwa kwa mto, hufanya kazi hiyo hiyo. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, huko Uingereza hoteli za serikali zilizoitwa British Restaurants zililisha watu wengi kwa bei nafuu, na baadhi yake hazikuwa na jiko. Chakula kilipikwa mbali, kikaletwa kwa gari katika vyombo vya namna hii.

Vyombo hivi havina akili. Ukivipa moto hutunza moto, ukivipa vuguvugu hutunza vuguvugu, na hapo hotpoti nzuri ni mbaya kuliko sufuria mbovu, maana huwalea vijidudu kwa saa nyingi. Basi isuuze kwanza kwa maji yanayochemka, tia chakula kinachotokota, ijaze, uifunge, wala usiifungue kila mara kuchungulia. Chapati zifunge kwa kitambaa safi, zisije zikalowa kwa jasho la mvuke.

Walakini kukaa moto si kukaa kitamu milele. Mboga za majani hugeuka rangi na kupoteza nguvu zake, na wali hukauka. Mpishi mwerevu hupika mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo. Na kinachobaki jioni kisiachwe katika sufuria kubwa mpaka asubuhi, maana katikati yake hukaa vuguvugu usiku kucha. Kigawe katika masinia mapana, kina cha vidole vichache tu, kipoe upesi, ndipo kiingie katika friji. Asiye na friji asikiweke.

Tumalizie na mzee wetu wa njiani. Mwenye hoteli alimwita fundi wa bati, akamfanyia karai la maji moto lenye nafasi ya sufuria nne, akanunua na kipimajoto cha jikoni chenye ncha ndefu. Tulipopita mara ya mwisho tuliagiza mchuzi ule ule. Mzee akauchoma kwa kipimajoto chake, akakisogeza karibu na macho, akasoma 58. Akatutazama, akasema: "Mniwie radhi, Mabwana, ngojeni kidogo," akaiondoa sufuria karaini, akairudisha motoni mpaka ikatokota. Dereva wa basi alikuwa akipiga honi nje. Tulingoja.