Mbegu ya Omoiri Haingoji

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Keroka)



Leo tuongee juu ya mti mmoja tu, omoiri. Wazee wanaujua. Jirani zetu Wakipsigis huuita tendwet, na wataalamu huuita Prunus africana. Ni mti wa milima ya Afrika na Madagaska.

Gome lake ni dawa, na dawa hiyo ndiyo iliyouletea shida. Tangu miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya vimetumia gome hilo kutengeneza dawa ya wanaume wazee wanaosumbuliwa na tezi dume. Gome lilinunuliwa kwa tani Kameruni, Madagaska, na hata hapa Kenya. Jameni, mti ukibanduliwa gome pande zote, chakula hakishuki tena mizizini, nao unakauka ukiwa umesimama. Ndiyo maana tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Na makao yake je? Hapa Gusii tumelima mpaka vilimani juu, msitu wa asili umebaki vipande. Kule Mau, unakoanzia mto Sondu, ripoti ya kikosi kazi cha serikali ya 2009 ilisema karibu robo ya msitu ilipotea katika miaka kama ishirini.

Sasa tufanye nini? Mbegu ya omoiri si kama mahindi. Ukiianika juani na kuiweka mkebeni mpaka msimu ujao, haioti. Tunda likiiva na kuwa jekundu la zambarau, okoteni, toeni nyama, osheni, mpande kitaluni siku hizo hizo, penye kivuli. Kwa hiyo ghala letu la mbegu ni ule mti mzee uliosimama. Ukikatwa, ghala limeungua.

Tunaomba kila kikundi kihesabu omoiri iliyobaki kijijini. Ongeeni na mwenye shamba kabla hajamwita mtu wa msumeno. Miche ikikomaa, ipandeni mipakani na kando ya vijito, pale tulipojaza mikaratusi inayokunywa maji mengi. Na mtu akija kununua gome, mpelekeni kwanza kwa chifu na ofisa wa misitu.

Tunajua mkaratusi hulipa karo upesi. Omoiri huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Watakaookota matunda ya miche yetu ni watoto walio darasa la kwanza leo, basi tuwaachie kitu cha kuokota.